LHG 5 ya MikroTik: itavusha rezo mpaka Idjwi?

Jambo ndugu na dada zangu wa Bukavu, na ninyi wa Goma pia. Hii hapa mezani ni LHG 5 ya MikroTik, antene ya wavu ambayo redio yake imo humo humo. Mnaniuliza sana kama jozi moja, antene moja kila upande, inaweza kutoa intaneti (rezo) hapa Bukavu na kuifikisha Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu. Kabla hujatoa dola zako, tupige hesabu.

Tuseme ni kilomita 20. Kwenye masafa ya 5.8 GHz, umbali huo peke yake unakula karibu dB 134 (dB, dBm na dBi ni vipimo vya nguvu ya mawimbi). Redio ikienda kasi yake ya juu inarusha dBm 20, na kila antene inaongeza dB 24.5. Jumlisha, toa: ng'ambo unapokea dBm -65 (iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu zaidi). Redio za aina hii zinataka karibu -75 ili zibaki kwenye kasi hiyo, kwa hiyo akiba yako ni dB 10. Juu ya mashamba ningekubali. Juu ya Kivu, hapana.

Sababu ni maji. Ziwa likitulia linarudisha mawimbi kama kioo. Mwale ulionyooka na ule uliopiga maji inakutana kwenye antene, na ikipishana vibaya inauana. Asubuhi rezo safi, mchana inakatika, na hakuna aliyegusa kitu! Kupandisha mlingoti peke yake hakutakuponya. Rudisha antene nyuma kidogo ya ukingo wa kilima, ukingo ufunike maji ya chini lakini ng'ambo uione wazi. Milima tunayo, tuitumie.

Uwazi huo una kipimo. Katikati ya kilomita 20, chini ya mstari kunatakiwa takriban mita 10 zisizo na mti wala paa, kisha ongeza mita 6 kwa sababu ya mbinuko wa dunia. Chora mstari kwenye Google Earth, halafu upande mwenyewe ukaangalie mikaratusi, maana inakua.

Wakati wa kulenga, zungusha polepole sana. Namba ya nguvu inayopokelewa ikifika -80 kisha ikaanza kudhoofika, usikaze nati: umeshika mwale dhaifu wa pembeni wa antene, si ule mkuu. Endelea hadi uikaribie ile -65 ya hesabu.

Tundu lake la kebo linaishia megabiti 100 kwa sekunde. Kwa shule au zahanati zinatosha.

Basi, Kadutu hadi Panzi, humu humu Bukavu, kama mnaonana, chukua LHG 5 bila wasiwasi. Idjwi chukua LHG XL 5 yenye dBi 27; jozi yake inakupa dB 5 zaidi, na akiba iliyobaki utaipata kwa kupunguza kasi.

Na radi, jamani. Utafiti wa setilaiti wa 2016 uliiweka Kabare, huku mashariki mwa Kongo, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Kebo yenye kinga, waya mnene wa kuteremsha umeme ardhini, kizuia radi pande zote mbili: vitu hivyo vilipie kwanza, antene baadaye.