Mbege ya Marangu ni pati kamili, ila fika mapema

Wapenda starehe wenzangu wa Chuga, yani Arusha, na Moshi, leo tuache kidogo habari za Njiro na Sakina. Nataka niwape maoni yangu kuhusu sehemu ambayo mi binafsi naiweka juu ya klabu yoyote niliyowahi kuingia huku kaskazini, na haina dijei, haina baunsa mlangoni, haina hata jina ukutani. Nazungumzia kilabu cha mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga, cha kijijini, hivi vya Marangu huko mlimani Kilimanjaro, ndani ya kihamba cha mtu, yani shamba la migomba la nyumbani, mabenchi ya mbao chini ya migomba na mama mwenye pombe yake kakaa na pipa lake pembeni anapokea wageni. Jina la mama siandiki, pale ni nyumbani kwake na ana familia, ila we ukishuka Marangu Mtoni ukauliza leo mbege imeiva kwa nani utapelekwa tu, hiyo habari kijiji kizima kinayo tangu asubuhi.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba mbege ina saa yake. Bia ya kiwandani utaikuta leo, utaikuta wiki ijayo, ladha ileile. Hata ile Raha ya chupa, pombe ya ndizi ya Banana Investments hapo Arusha, inakaa dukani inakusubiri. Mbege haikusubiri. Siku iliyoiva ndo siku yake, kesho yake imeshachacha na wanaobaki kuinywa ni wale wazee wanaoipenda kali. Kwahiyo yule mtu wa kujipodoa saa nne usiku ndo atoke, huku hapamfai, maana ikifika saa kumi na mbili jioni mama anakung'uta pipa na watu wanaanza kuagana. Mzuka wenyewe unaanza saa nane, saa tisa mchana, na ukifika muda huo utakuta benchi limeshajaa na maneno yameshakolea.

Afu naomba mjue kazi iliyopo nyuma ya ile kata, kibuyu cha kunywea, unayopewa, kwa sababu ndo inayonifanya niiheshimu hii pombe. Ndizi zinakatwa, zinawekwa ziive vizuri, zinamenywa na kupikwa kwenye pipa kubwa masaa na masaa mpaka zinageuka rangi nyekundu, zikipoa zinaachwa siku kadhaa zichachuke, ndo zinatiwa maji na kuchujwa. Pembeni huko kuna ulezi umeloweshwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa kimea, ule unapikwa uji wake peke yake. Na kuna msesewe, gome la mti, huo ndo unaleta uchungu. Vyote vikishakutana vinalala usiku mmoja, asubuhi pombe imesimama. Yani mama ameanza kuhangaikia pati yako karibu wiki nzima kabla hujafikiria hata nauli. Na kwenye kuni, maji na ulezi hapo hela yake imeshatoka, akikosea kipimo cha msesewe au ndizi zikiwa hazijaiva sawasawa hasara ni yake peke yake.

Ladha sasa. Ya kwanza mdomoni ni utamu wa ndizi, hapohapo ukakasi unaingia, halafu mwishoni kabisa kooni unakuja uchungu wa msesewe ambao ndo unakufanya utake funda lingine. Uzito wake ni kama uji mwepesi, na chembechembe za ulezi zinaelea juu, wenyeji wanazipuliza pembeni kabla ya kunywa, mi nazitafuna kabisa. Haina gesi, haina baridi ya friji, na ukiidai ya baridi utachekwa na benchi zima. Nimekunywa mbege nyingi za mjini zilizoletwa kwenye madumu na nasema kwa moyo wote hazifiki hata robo, zikishatikiswa barabarani na kupigwa jua kwenye dumu la plastiki zinafika zimekasirika. Mbege inywewe ilipopikiwa, basi.

Ukali wake usikudanganye. Haigongi kichwani kwa fujo kama Konyagi ambayo ni asilimia 35 na unaisikia tangu glasi ya kwanza, hii inashiba tumboni kwanza, unajiona uko sawa, unacheka, unapiga stori, halafu siku unasimama kwenda msalani ndo miguu inakupa taarifa. Kwahiyo kunywa taratibu na kula. Na ule mtindo wa vijana wetu wa kuja na kichupa cha K-Vant, pombe kali, mfukoni wachanganyie, jamani acheni, unaua ladha na unamvunjia heshima mama wa watu aliyepika wiki nzima.

Taratibu za pale zipo na zinapendeza. Unaingia unaamkia kwanza, shikamoo kwa wazee wote mmoja mmoja, usipungie mkono benchi zima kama uko baa. Utaulizwa we wa wapi, mtoto wa nani. Mi niliposema natoka Arusha mzee mmoja akasema, "Karibu mwanangu, kaa hapa, Arusha mnakunywa maji ya chupa tu," na benchi likasogea nikapata nafasi. Mama anachota, anaonja yeye kwanza mbele yako, ndo anakupa. Hiyo ni desturi ya zamani, unaona kwa macho yako kwamba kinywaji ni salama, na mi sijawahi kuona klabu ya mjini inayomjali mteja namna hiyo. Mkiwa kundi kata inazunguka, inaanza kwa mkubwa. Siku hizi sehemu nyingi wana majagi na vikombe vya plastiki, kwa wanaoogopa kuchangia unaomba chako na hakuna anayenuna, lakini ukipata kibuyu chagua kibuyu. Ukipokea sema aika, yani asante kwa Kichaga, hilo neno moja linafungua milango.

Muziki? Kuna redio ndogo inapiga zilipendwa, siku nyingine hata hiyo haipo. Burudani ni watu. Utasikia bei ya kahawa, utasikia Simba na Yanga, utasikia kesi ya mpaka wa kihamba ambayo imeanza kabla hujazaliwa na pande zote mbili zimekaa benchi moja zinakunywa kata moja. Kuna babu mmoja alitusimulia namna walivyokuwa wanapeleka mbege kwenye posa, kwamba bila mbege mazungumzo hayaanzi, na wazee wakigombana kosa linalipwa kwa mbege na wote wanainywa palepale ugomvi unaisha. Masaa yanapita husikii. Simu yangu ilikaa mfukoni mchana kutwa, na mi ni mtu wa kurekodi kila kitu nikiwa matembezini.

Msosi nautolea maksi zote. Karibu na vilabu vingi kuna bucha yenye jiko la mkaa nje, unachagua mwenyewe kidari au mbavu ya mbuzi inapimwa kwa kilo inachomwa ukiwa unaangalia, inakuja kwenye ubao na chumvi, pilipili na ndizi za kuchoma. Ukibahatika kuna mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, au machalari, ndizi za kupikwa na nyama, ya moto na hapo ndo unaweza kunywa mpaka jioni bila shida. Kisusio kipo kwa wanaokiweza, ile supu ya damu, wenyeji wanaisifu sana kwa kurudisha nguvu. Bei ya yote haya ni rafiki mno, hela ambayo mjini inakupa bia mbili tatu huku unakunywa, unakula na unamnunulia mzee wa pembeni, na kumnunulia mzee ni jambo zuri ufanye.

Yapo ya kurekebisha, na nayasema kwa nia njema. Choo kwa kweli sehemu nyingi ni cha shimo nyuma ya migomba, giza likiingia huoni unakokanyaga, taa moja tu ya sola ingemaliza hilo tatizo. Nzi wapo, pombe ina sukari wanaipenda, mapipa yafunikwe vizuri muda wote. Chenji ni taabu, beba noti ndogondogo, maana mtandao wa simu ukisumbua kulipa kwa simu kunakuwa hadithi. Wasiokunywa pombe hawajawekewa chochote zaidi ya soda ya moto, na mi huwa natoka na dada yangu ambaye hanywi kabisa, kwahiyo nalisema hili kwa uchungu, hata juisi ya parachichi tu jamani, Marangu parachichi zinaoza chini. Na pale Mtoni kuna vijana wanajifanya waongozaji, wanakupeleka kilabu cha hatua mia halafu wanataka hela ya mtalii. Muulize mama muuza ndizi, atakuelekeza bure.

Usafiri uko hivi. Kutoka Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80, kosta zipo siku nzima, mnapita Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe. Moshi stendi unapanda gari za Marangu zinapitia Himo. Ukitoka Arusha saa mbili asubuhi unafika na muda wa kutembea mpaka maporomoko ya Kinukamori kwanza, upate kiu. Shida ni kurudi, gari za kushuka zinapungua sana jioni, kwahiyo panga mapema na dereva au lala hukohuko. Mwenye gari binafsi awe na dereva asiyekunywa, siongezi neno, ile barabara ina kona, ina watoto na ng'ombe na polisi wanapima. Msimu wa mvua za masika, Machi mpaka Mei, njia za ndani ni tope tupu vaa viatu vya kueleweka, na mwezi wa sita na wa saba beba koti zito, baridi ya mlimani ikishuka na umekaa nje chini ya migomba hata mbege haikusaidii.

Na usiku bado unao! Hapa ndo uzuri wa kuanza mchana. Saa mbili mko Moshi mjini, mmeoga, mko fresh, kuna joto la chini huku mnavua makoti. Moshi ni mji mdogo, kutoka Majengo mpaka Shanty Town bajaji inakufikisha mara moja, huna ile habari ya Arusha ya kutumia nusu ya bajeti kwenye kuzunguka. Baa zake nyingi ni za bustani, viti vya plastiki, jiko la nyama pembeni, mhudumu anakuja na lile swali letu, "Ya moto au ya baridi?" na baada ya mchana mzima wa mbege mi naagiza Kilimanjaro moja ya baridi na kuishia hapo. Kucheza ndo nacheza, amapiano mpaka miguu iwake moto, ila tumbo likishabeba mbege halitaki vurugu za chupa. Niseme ukweli, kwa spika na taa Arusha bado iko mbele sana, na kama unataka shoo kubwa ya wasanii subiri wikendi ya Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari, Moshi yote inakuwa pati kuanzia uwanja wa Ushirika mpaka vichochoroni. Wikendi za kawaida mji unalala mapema kidogo kuliko sisi Wachuga tulivyozoea.

Kuhusu Desemba. Kuanzia katikati ya mwezi Wachaga wanapanda kutoka Dar kuja nyumbani, mabasi yanajaa, hata treni ya Dar, ile iliyorudi Moshi Desemba 2019 baada ya miaka zaidi ya 20, tiketi zake inabidi uziwahi. Vihamba vyote vina sherehe, ubarikio wa kanisani huku, harusi kule, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, kapambwa majani mdomoni, na mbege inapikwa kila kona. Ndo msimu mtamu kupita yote kwa mtu wa starehe. Lakini vilabu vya kawaida vinazidiwa, mapipa yanakauka saa tisa, wageni wanafika wanakuta ndoo zinaoshwa.

Kwahiyo mkitaka kwenda kundi mpelekeeni mama taarifa siku kama kumi kabla na mlipe kianzio, yeye ndo atawapangia tarehe kulingana na ndizi zake, msimpangie nyie. Wa kwetu ameshatuambia tarehe 27, ndoo mbili, na amesema tusifike baada ya saa nane. Nafasi kwenye kosta bado zipo chache, na safari hii dada yangu anabeba blenda.