Abril Fatface kwenye vichwa vya habari na mabango: uzoefu wangu

Abril Fatface ni fonti nene ya serifu (vijimkia vidogo kwenye ncha za herufi), na mimi huitumia kwa kazi ya aina moja: maneno machache, makubwa, yanayotakiwa kuonekana kabla ya kitu kingine chochote kwenye ukurasa. Kwa kazi hiyo naipenda sana. Ukiitoa hapo huharibika haraka, na karibu kila mara kinachoiharibu ni kilekile: mistari yake myembamba haijalindwa.

Walioibuni ni Veronika Burian na José Scaglione wa TypeTogether, kampuni ya kubuni fonti, wakifuata herufi nene za matangazo ya Uingereza na Ufaransa ya karne ya 19. Uzuri wake wote uko kwenye pengo kati ya unene na wembamba. Itazame herufi ndogo a kwa karibu. Upande wa kulia umesimama mnene kama nguzo, juu kushoto kuna kitone cha duara kilichojaa wino, na kinachoviunganisha viwili hivyo ni uzi tu. Uzi huo ukikatika, a inabaki vipande viwili.

Toleo la bure liko Google Fonts chini ya leseni ya SIL Open Font License. Unaweza kulitumia kwenye kazi za biashara na kulipachika kwenye tovuti au PDF. Usichoruhusiwa ni kuliuza faili la fonti peke yake.

Toleo hilo lina uzito (kiwango cha unene) mmoja tu, 400, na halina italiki, yaani herufi za kulala. Hapa ndipo tovuti nyingi zinapokosea. Kivinjari hukoza h1 na h2, yaani vichwa vikuu vya ukurasa, chenyewe, na kwa kuwa hakuna faili la 700 (uzito wa herufi zilizokozwa), hulinenepesha la 400 kwa nguvu. Matundu ya a na e huanza kuziba, herufi husongamana, na kichwa kinaonekana kimevimba. Kwenye CSS, yaani maagizo ya mwonekano wa tovuti, andika font-weight: 400 kwa kila kichwa kinachotumia fonti hii, kisha ongeza font-synthesis: none ili kivinjari kisitengeneze na italiki ya bandia. Kwenye programu za kuandikia, kitufe cha B usikiguse kabisa.

Kuhusu ukubwa, kwenye skrini sishuki chini ya pikseli 28. Skrini yenye pikseli chache haiwezi kuchora mstari mwembamba kuliko pikseli moja, hivyo huupaka kijivu, na e inaanza kusomeka kama c. Kuanzia pikseli 48 herufi zinatulia. Nafasi kati ya mistari naweka 1.05 hadi 1.1, na nafasi kati ya herufi naibana kidogo, -0.01em, kwa vichwa vikubwa sana tu.

Kwenye karatasi tatizo linabadilika. Wino mweusi juu ya karatasi nyeupe hausumbui. Herufi nyeupe ndani ya rangi nzito ndizo zinazosumbua, kwa sababu wino husambaa na kuula mstari mwembamba kutoka pande zote mbili. Hali huwa mbaya zaidi kama rangi ya nyuma imechanganywa kwa wino nne: sahani moja ya kuchapia ikihama kidogo tu, serifu zinapotea. Tumia wino mmoja kwa rangi ya nyuma ikiwezekana, au kuza maandishi. Njia ya tatu ni kuzungushia herufi mstari mweupe wa pointi 0.2, lakini mimi huiacha iwe ya mwisho, maana inapunguza ule utofauti ulioifanya fonti hii ichaguliwe.

Fotokopi nayo haina huruma. Neno HABARI likinakiliwa mara mbili tatu, H hubaki miti miwili iliyosimama bila kiunganishi, na A hupoteza mstari wake wa katikati. Tangazo litakalonakiliwa lipe fonti nyingine.

Kwa vinili ya kukatwa, yaani plastiki ya kubandika, pima kwanza. Andika H, igeuze kuwa umbo, kisha pima unene wa mstari wake wa katikati. Tuseme umepata milimita 0.3 kwenye pointi 40, nawe unataka angalau milimita 1 ili vinili isichanike inapobanduliwa: utahitaji kama pointi 135. Ukipungukiwa na nafasi, punguza maneno. Usipunguze herufi.

Kiswahili kina maneno marefu, na fonti hii ni pana. Kitenzi kama wanaojitegemea kinaweza kumaliza mstari mzima wa simu na kutokeza nje ya ukingo. Mimi huandika font-size: clamp(32px, 8vw, 72px) na kukijaribu kichwa kwenye upana wa pikseli 360 kabla ya kukipitisha. Angalia pia jozi za Wa, Ya na Ta mwanzoni mwa maneno. Programu isipowashwa urekebishaji wa nafasi za jozi, pengo linaonekana waziwazi. Na kwenye ng’ tumia alama iliyopinda. Ile iliyonyooka inaonekana imetoka kwenye fonti nyingine.

Maandishi ya chini yape fonti isiyo na serifu yenye unene ulio sawa, kama Lato ya 400, pikseli 16 hadi 18. Bodoni, fonti nyingine ya serifu, usiiweke hapo: mistari yake nayo ni myembamba, na ukurasa mzima utameta machoni.