Uzoefu wangu: ramani ya tovuti na Google Search Console kwa duka la spea la Kisekka

Kwa duka lenye bidhaa nyingi, Google Search Console, yaani chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyoonekana kwenye utafutaji, ni kitu ambacho siwezi kukiacha, na sehemu yake ya ramani za tovuti (orodha za anwani za kurasa zako) ndiyo iliyotuletea wateja tuliokuwa tunawakosa. Ni bure. Nasisitiza hilo kwa sababu hapa Kampala kuna mafundi wanaotoza ada kila mwezi kwa madai ya "kuisukuma tovuti Google". Mmoja alitaka tumlipe kwa kazi ambayo baadaye niliifanya mwenyewe nikiwa kaunta, katikati ya kuhudumia wateja.

Duka ni la familia, liko Kisekka, soko la spea hapa Kampala, na tunauza spea za Toyota zilizotumika kutoka Japani. Wanunuzi wetu wengi hawakai mjini. Wanatoka Arua, Kasese, Bunia, Goma, wengine Juba, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Mtu wa Bunia hapandi gari kuja Kampala mpaka ajue kwamba kitu kipo. Zamani tuliweka picha zote Facebook, lakini tangu ilipofungwa Uganda Januari 2021, asiye na VPN haioni. Ndipo tukajenga tovuti yetu kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kila spea na ukurasa wake.

Tovuti ilikuwa hewani, ila ukitafuta Google unapata ukurasa wa mwanzo na vingine vichache tu. Chanzo chake kinafaa kueleweka, kwa sababu maduka mengi ya mtandaoni yana shida hiyohiyo. Roboti ya Google, yaani programu yake inayosoma kurasa za mtandao, inatembea kwa kufuata viungo: inaingia ukurasa mmoja, inachukua viungo vilivyomo, inavifuata, inachukua vingine. Mteja wetu anayetaka rejeta anaandika kwenye kisanduku cha kutafutia, anachagua gari na mwaka, majibu yanatokea. Roboti haiandiki kitu kwenye kisanduku hicho. Ukurasa usio na njia nyingine ya kuufikia unaweza kukaa miaka bila Google kujua kwamba upo.

Ramani ya tovuti inaziba pengo hilo. Ni faili la XML (maandishi yaliyopangwa kwa alama ili kompyuta iyasome) lenye anwani za kurasa zako, kama orodha ya mali iliyobandikwa kwenye mlango wa stoo. Ukilifungua la kwetu unakuta mistari na mistari: anwani ya ukurasa ndani ya alama ya loc, na chini yake lastmod, yaani tarehe ukurasa ulipobadilishwa mara ya mwisho. WordPress inalitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, kwenye anwani ya wp-sitemap.xml, na tarehe hizo ziliongezwa katika toleo la 6.5 la mwaka 2024. Faili moja lisizidi anwani 50,000 wala megabaiti 50 kabla ya kubanwa, ukizidi, unaligawanya.

Kuipeleka ramani kwa Google ni kazi ndogo. Unathibitisha kwanza kwamba tovuti ni yako (sisi tuliweka rekodi ya TXT, mstari wa maandishi ambao Google wanakupa, kwenye DNS, yaani mipangilio ya jina letu la .co.ug), unafungua sehemu ya Sitemaps, unaandika wp-sitemap.xml, unatuma. Ukiona maandishi ya kijani kwamba imefaulu, usisherehekee bado. Maana yake ni kwamba faili limepatikana na kusomwa, basi. Kila ukurasa bado utapimwa peke yake, na Google wenyewe wanasema ramani ni pendekezo kwao, haiwalazimishi kuingiza chochote kwenye faharasa, ile hifadhi ya kurasa ambamo majibu ya utafutaji hutoka.

Thamani yenyewe niliikuta kwenye ripoti ya kurasa. Ukiichuja kwa ramani uliyotuma, inakuonyesha zilizoingia na zilizobaki nje, na zilizobaki nje zinapewa sababu. Kuna zilizogunduliwa lakini hazijatembelewa: hizo zinangoja zamu. Kuna zilizotembelewa zikaachwa: hizo roboti imezisoma na haikuona cha kuhifadhi. Za kwetu za kundi la pili zilifanana zote, picha moja, bei, na jina kama "rejeta". Tukaanza kuandika kile ambacho fundi anauliza kwa simu: rejeta ya Harrier ya 2004, injini 2AZ, gia otomatiki, ina feni au haina, imepimwa maji au bado. Kurasa hizo zikaanza kuingia moja baada ya nyingine. Haikuwa kesho yake, ilichukua wiki kadhaa, na ripoti yenyewe huchelewa siku chache nyuma ya hali halisi, kwa hiyo usiikodolee macho kila asubuhi.

Siku moja fundi wa Bunia akatutumia kiungo cha ukurasa WhatsApp: "Kaka, hii rejeta ingali iko?" Hakuwahi kufika dukani wala hatukuwa na namba yake. Alikuwa ametafuta kwa jina la injini.

Mambo mawili ya kuangalia. Usibadilishe lastmod kila siku ili uonekane una jipya. Google huitumia tarehe hiyo pale tu inapoona ni ya kweli kila mara. Zile alama za priority na changefreq ambazo mafundi hupenda kuzijaza haizisomi kabisa. Na spea ikishauzwa na haitarudi, irudishe ukurasa wake kuwa rasimu, nayo itatoka kwenye ramani yenyewe. Kwetu hili ni muhimu kuliko yote, maana mtu akisafiri kutoka Goma kwa ajili ya kitu kilichouzwa mwezi uliopita, umempotezea nauli na imani.

Mwenye tovuti ya kurasa tano, za saluni au mgahawa, zote zikiwa zimeunganishwa kwenye menyu, sioni sababu ya kuhangaika na ramani. Roboti itazifikia tu. Ila Search Console afungue hata hivyo, aone watu wanatafuta maneno gani kabla ya kumfikia.

Ramani hiyohiyo niliipeleka pia kwa Bing, mtambo wa kutafutia wa Microsoft, kupitia Bing Webmaster Tools, ambayo inakubali kuchukua tovuti yako moja kwa moja kutoka Search Console bila kuthibitisha upya. Muundo ni mmoja, kwa sababu Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana kuutumia pamoja tangu 2006. Mitambo mingine ya kutafutia inaikuta ramani yetu kwenye robots.txt, faili la tovuti lenye maelekezo kwa roboti, katika mstari mmoja unaoanza na neno Sitemap na kufuatiwa na anwani yake kamili.