Kipanya na Kibodi Visivyo na Waya: Ununue Nini Ili Mawimbi Yafike Mbali

Kipanya kisicho na waya kinapoanza kurukaruka kwenye skrini, au kibodi inapomeza herufi ilhali mwenye kuandika ameketi hatua nne tu kutoka kwenye kompyuta, wengi hukimbilia kununua kipanya kingine. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, kwa kuwa kasoro haimo ndani ya kipanya bali mahali kilipochomekwa kipokezi chake (kile kijidude cha USB kinachopokea mawimbi ya kipanya au kibodi), yaani nyuma ya kasha la chuma, karibu na sakafu, katikati ya lundo la nyaya. Ndiyo maana nimevipanga vifaa vifuatavyo kwa kipimo kimoja: kwa kiasi gani kila kimoja kinakitoa kipokezi mahali pabaya, bila gharama kubwa.

Nafasi ya kwanza naipa kebo ya kurefusha USB, ile yenye ncha ya dume upande mmoja na ya jike upande wa pili. Ni kifaa duni kukitazama, lakini hakuna kinachokifikia. Chukua yenye urefu wa kati ya nusu mita na mita mbili, kisha kiweke kipokezi juu ya meza, mahali ambapo kipanya "kinakiona" bila chuma wala mwili wa mtu kukaa katikati. Mwili una maji mengi, na maji hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa na karibu vifaa vyote vya aina hii.

Ipo sababu nyingine ya kuipenda kebo hii, na wauzaji hawaitaji. Poti za USB 3.0, ambazo mara nyingi huwa na rangi ya buluu, husafirisha data kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde, na kazi hiyo huzalisha kelele ya redio inayoangukia katika masafa yaleyale ya gigahezi 2.4, kampuni ya Intel iliieleza hali hiyo katika waraka wake wa mwaka 2012. Jaribio lake ni rahisi. Chomeka diski ya nje kando ya kipokezi, anza kunakili faili kubwa, kisha zungusha kipanya polepole. Kikisitasita wakati wa kunakili na kutulia baada ya kazi kwisha, umemjua mkosaji. Kwa hiyo nunua kebo ya USB 2.0, kwani kipokezi hakihitaji kasi yoyote ya ziada.

Ya pili ni habu ya USB 2.0, yaani kifaa kinachoigawa poti moja kuwa kadhaa, yenye umeme wake yenyewe. Inamfaa mwenye vipokezi viwili au vitatu, tuseme vya kipanya, kibodi na hedifoni, au mwenye kompyuta mpakato yenye poti chache. Usidanganyike kuchukua habu ya USB 3.0 kwa kuwa ni mpya zaidi, kisha ukapachika kipokezi sentimita mbili kutoka kwenye diski; utakuwa umelihamishia tatizo juu ya meza.

Adapta ya Bluetooth, kifaa cha USB kinachoipa kompyuta Bluetooth, yenye antena ya nje naiweka ya tatu, na kwa masharti. Haimsaidii hata kidogo mwenye kipanya kinachotegemea kipokezi chake maalumu. Kwa wenye vifaa vya Bluetooth, soma daraja la nguvu: daraja la 2 hutoa miliwati 2.5 na hukadiriwa kufika mita 10, ilhali daraja la 1 huweza kufika miliwati 100. Hata hivyo, ile "mita 100" iliyochapwa kwenye boksi isikupandishe presha ya furaha, kwa sababu adapta inaweza kupaza sauti lakini kipanya chako kitaendelea kunong'ona. Ukiinunua, izime Bluetooth ya ndani ya kompyuta, maana Windows hutumia adapta moja kwa wakati. Na kabla ya kununua, chungulia nyuma ya kompyuta ya mezani: kama kuna vishikizo viwili vya shaba vya antena vilivyo wazi, huenda antena zenyewe, ambazo Bluetooth ya ndani huzitumia pia, bado zimelala kwenye boksi.

Kebo hai ya kurefusha, yenye saketi inayoihuisha ishara njiani, ni ya wachache ambao kompyuta yao iko chumba kingine, kwa kuwa kebo ya kawaida ya USB 2.0 haitakiwi kuzidi mita 5.

Kifaa nisichokishauri kabisa ni kirudishi cha Wi-Fi, kile kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyarusha tena. Hakibebi mawimbi ya kipanya, na kikirusha kwenye gigahezi 2.4 kinaongeza msongamano hewani. Kuihamishia kompyuta kwenye gigahezi 5 ya ruta, kama ruta inayo, hakugharimu chochote na husaidia zaidi.

Ikiwa umejaribu kebo na betri mpya na hali bado ni ileile, hapo ndipo ununue kipanya kingine. Chagua kinachokubali kipokezi na Bluetooth kwa pamoja, na chenye kijishimo cha kuhifadhia kipokezi tumboni mwake, kwa sababu kipokezi kilichopotea mara nyingi hakibadilishwi na cha kipanya kingine.