Fiziotherapia ya goti: niliyoyapata na yaliyonikera

Kama unaenda fiziotherapia ukitegemea kulala kitandani ukandwe, utaudhika. Mimi niliudhika. Ajali ya bodaboda ilinivunja mfupa chini kidogo ya goti, nikawekewa chuma, na nilipoanza kutembea na magongo goti lilikuwa gumu, paja limesinyaa. Nikaandikiwa mazoezi kwenye kliniki moja hapa Dar es Salaam.

Mtaalamu wangu, dada mwenye sauti ya upole na mkono usio na huruma, alianza kwa kupima: goti linakunja nyuzi 60. Akanieleza kuwa kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kunataka 90 na zaidi, kuchuchumaa ndiyo usiseme. Nyumbani kwangu choo ni cha kuchuchumaa na swala nilikuwa naswalia kwenye kiti, kwa hiyo sikuhitaji kubembelezwa.

Mazoezi yenyewe ukiyatazama ni ya kitoto. Unakunja taulo, unaliweka chini ya goti, unakaza paja ulikandamize, unahesabu hadi tano, unaachia. Kisha unaburuta kisigino kwenye shuka kuelekea makalio. Jaribu na goti lililoganda uone jasho linavyotoka.

Mashine ya umeme walinifunga pia. Inatuliza maumivu, sikatai, lakini nikifika kituo cha daladala yamesharudi. Pesa yangu naona ililipa jicho la yule dada. Aliniona nimeshika fimbo upande wa mguu mbovu, akanihamishia upande wa mzima. Kwenye ngazi, kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mbovu. Nilikofanyiwa upasuaji hakuna aliyenigusia hayo.

Foleni ndiyo inawapotezea nyota. Miadi ya saa mbili unaingia saa nne, na chumba chenyewe ni mapazia tu, jirani anasikia kila "aah" yako. Bima nayo ina kikomo cha mahudhurio, ulizia kabla hujaanza. Yangu ilipokata, dada alinichorea mazoezi ya nyumbani kwenye karatasi, nikawa narudi mara mojamoja kupimwa.

Leo goti limepita nyuzi 120. Nachuchumaa nikishika ukuta. Kukaa tahiyatu, ule mkao wa kukalia miguu kwenye swala, bado. Nawapa nyota nne. Na ukienda vaa bukta, au kanga kwa kina mama. Jinzi haipandi hadi juu ya goti, utarudishwa ukabadilishe.