Simu ya kuchezea gemu za kutembea: pima dira kabla ya kulipa

Mwezi uliopita nilitoa shilingi 480,000 kwenye duka moja la simu hapa Kampala. Kamera safi, betri inakaa siku nzima, nikaridhika. Jumamosi nikaenda nayo Bustani ya Mimea ya Entebbe kutafuta kikasha cha Geocaching, mchezo wa kusaka vikasha vilivyofichwa kwa kufuata ramani ya simu. Ramani ilinionyesha niliposimama, lakini nilipogeuka, mshale haukugeuka. Mpaka nitembee hatua kumi ndipo ushtuke, na hapo tumeshapapita. Simu haina dira! Saa nzima tulizunguka miti ile na binti wa dada yangu, tukarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo leo habari za kamera na memori waulizeni wauzaji. GPS hukwambia uko wapi, na mahali pa wazi hukosea kama mita 5 tu. Haikwambii umeelekea wapi ukiwa umesimama. Hiyo ni kazi ya dira, kihisi kidogo kinachosoma usumaku wa dunia. Mwenzake ni jairoskopu, inayohisi simu inavyogeuka mkononi. Bila jairoskopu, Pokémon GO, gemu ya kutembea ukikamata viumbe wa kubuni, utaicheza, lakini kumwona Pikachu, mmoja wa viumbe hao, amekaa kwenye nyasi mbele yako kupitia kamera, sahau.

Chaguo langu la kwanza ni Samsung Galaxy A34, A35, A54 au A55. Naipenda Samsung na sifichi. Zina vihisi vyote viwili, na unazipima palepale kaunta bila bando: piga *#0*#, gusa palipoandikwa Sensor, kisha zunguka polepole uone kama mstari wa dira unakufuata. Galaxy za bei ya chini usizinunue kwa jina tu, nazo zipime vivyo hivyo.

Ya pili ni Google Pixel 6a au 7a iliyotumika. Ya tatu iPhone; tangu iPhone 4 ya mwaka 2010 zote zina dira na jairoskopu, ila ya mtumba kagua betri. Ya nne Redmi Note. Kwa simu yoyote isiyo Samsung, mwombe muuzaji aweke phyphox, programu ya bure ya chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani, uone vihisi vilivyomo.

Za chini ya laki tatu? Nyingi hazina vihisi hivi.

Kinachoniuma ni wauzaji. Nilirudi dukani, nikajibiwa, "Nnyabo (yaani mama), si GPS iko?" Pesa hakurudisha, akanipa kava. Kava yenyewe inafungwa kwa sumaku, na sumaku huivuruga dira hata kwenye simu iliyo nayo. Kwenye boksi megapikseli zimeandikwa kwa herufi kubwa. Dira haikutajwa popote. Na gemu hizi hula bando muda wote uko njiani. Mwaka 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii. 2021 kodi hiyo ikaondolewa, tukawekewa asilimia 12 kwenye bando. Mtu anayelipa yote hayo astahili kuambiwa simu ina nini ndani.

Binti wa dada yangu anauliza tunarudi lini Entebbe. Nimeazima A34 ya kaka yangu, tunakwenda Jumamosi hii.