Darasa la mbwa Kyaliwajjala: nusu ya kwanza ni maneno tu, na ndiyo nusu bora

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Ni shilingi 30,000 za Uganda kwa Jumamosi moja, mbwa mmoja na mtu mmoja au wawili wa nyumba hiyo. Ukilipia mwezi mzima unapunguziwa kidogo. Unalipa kwa simu, risiti ya karatasi unapewa ukiidai. Chai haimo humo. Kuna mama huja na birika na mandazi, kila mtu anajilipia. Kiwanja ni cha shule ya msingi, ukitoka Kyaliwajjala, nje kidogo ya Kampala, kuelekea Namugongo. Waulize boda wa steji "kwa mbwa ni wapi", watakufikisha.

Mwenye darasa ni afande mstaafu aliyeshika mbwa wa polisi miaka mingi. Hataki jina lake lizunguke mtandaoni, nami namheshimu. Sote tunamwita Afande. Mimi nimekulia kambi ya polisi Naguru, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha nyumbani kwangu: kifupi, hakina "tafadhali", lakini hakina matusi pia. Asiyekielewa hugeuziwa Kiluganda. Wageni wapya hupotea kidogo hadithi zikirukaruka kati ya lugha hizo mbili, ila jirani wa kiti atakutafsiria, labda uwe umekaa karibu na Mzee wa Boerboel, wale mbwa wakubwa wa ulinzi wa asili ya Afrika Kusini. Huyo nitamfikia.

Sasa utaratibu. Mnaambiwa saa tatu kamili, mnaanza saa tatu na nusu, hilo lizoee. Mbwa wanafungwa chini ya miembe, mbalimbali, kila mmoja na maji yake. Watu wanakaa kwenye viti vya plastiki juani, kwa sababu kivuli chote wamepewa mbwa. Kisha kwa dakika 40 hivi hakuna mbwa anayefundishwa chochote. Kila mtu anasimulia lililotokea wiki hiyo nyumbani kwake baina yake na mnyama wake. Siku ya kwanza nilikereka kweli. Nimetoka Kireka, nimefunga duka la vyuma Jumamosi asubuhi wakati mafundi ndio wananunua misumari, halafu nisikilize mtu akieleza jinsi mbwa wake alivyoiba chapati?

Lakini masimulizi hayo yana sheria. Ya kwanza: hairuhusiwi kusema mbwa wako ni mkaidi, mjinga au ana roho mbaya. Unasema alichofanya, basi. Ya pili: ukimaliza, Afande anakuuliza swali moja. Mwone alivyolitumia kwa mwalimu mmoja wa Kira mwenye Japanese Spitz, vile vimbwa vyeupe vya manyoya ambavyo siku hizi huvikosi kwenye mageti ya Kampala.

"Amefukuza boda tena," akasema mwalimu.

"Kabla ya hapo?"

"Alikuwa getini."

"Kabla ya hapo?"

"Askari alikuwa anafungua geti nitoe gari."

"Mbwa alipotoka mbio, askari akafanya nini?"

Mwalimu akatazama chini. "Alicheka. Anampenda sana yule mbwa. Akirudi humpigapiga mgongoni na kumwambia, umemwonyesha!"

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Kumbe mwalimu analipa 30,000 Jumamosi, na askari wake anafundisha bure siku sita zilizobaki. Jumamosi iliyofuata askari aliletwa, amevaa sare na buti, akakalishwa kwenye kiti kama sisi. Kazi aliyopewa ni ndogo: kabla hajagusa komeo la geti, amwite mbwa kwa jina, amtupie kipande cha ini mbali na geti, ndipo afungue. Na asicheke. Hilo la kutocheka ndilo lililomshinda zaidi, alikiri mwenyewe.

Hii ndiyo sababu nalipa kurudi. Mbwa anajifunza kutokana na kinachotangulia kitendo chake na kinachofuata mara tu akishakitenda, na sisi wenye mbwa ndio hatuvioni, kwa kuwa tumezoea kusimulia kitendo peke yake: ameuma, amebweka, amekimbia. Ukishaulizwa "kabla ya hapo" mbele ya watu mara kadhaa, unaanza kujiuliza mwenyewe ukiwa jikoni.

Kabla ya hapa nilikuwa nimempeleka mbwa wangu, Bosco, kwa watu wengine, siwataji, wanaochukua mbwa akae kwao wiki kadhaa kisha wakurudishie "ameshafundishwa". Alirudi amekonda. Anakaa ukimwambia kaa, ni kweli. Ila dada anayetusaidia nyumbani akishika ufagio tu, Bosco analala chini na kujikojolea. Mbwa mwenye kifua kama pipa! Ikabidi dada awe anafagia Bosco akiwa amefungiwa nyuma. Niliposimulia hayo, Afande hata hakuuliza kabla ya hapo kulikuwa na nini, sote tulielewa. Alimtuma kijana alete ufagio wa shule. Akaulaza kwenye nyasi, akapanga vipande vya ini kuuzunguka, halafu akarudi nyuma kabisa na kutuambia tusimwite, tusimhimize. Bosco alizunguka, akanusa kwa shingo ndefu huku miguu ya nyuma imejiandaa kukimbia, akala kipande cha mbali, akakimbia. Akarudi. Nyumbani tuliendelea hivyo hivyo: ufagio chini, kisha umeegemezwa ukutani, kisha mkononi mwa dada akiwa amesimama tu, kisha akitembea nao. Ilichukua muda na ini si kidogo. Sasa dada anafagia uani na Bosco amelala pale pale, inabidi amwambie asogee.

Hajati mmoja Mnubi huja kutoka Bombo na mbwa wa kienyeji anayelinda kuku wake. Huyu ndiye msimulizi bora kuliko wote. Alituambia jinsi majirani wanavyomnunia, naye hujibu kwamba Surat al-Maida, aya ya 4, inawataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa, "waliofunzwa, ndugu zangu, si waliopigwa mawe." Mate ni suala jingine. Kwa sisi Washafii ni najisi, akasema, na kuosha mara saba, moja kwa udongo, kunamchosha mtu wa umri wake. Kwa hiyo amebuni njia yake: ana dera moja la kazi ya mbwa tu, na zawadi haitoki mkononi, inatupwa chini mbele ya miguu ya mbwa. Afande aliipenda, akawaagiza wote wenye mbwa wanaodaka vidole wafanye vivyo hivyo. Kidole changu kinamshukuru Hajati.

Si kila hadithi inazaa somo. Kuna kijana wa Kongo anayetunza German Shepherd wawili wa tajiri mmoja huko Najjera. Ameniruhusu niandike hili. Juni 2022, waasi wa M23 walipoichukua Bunagana, mji wa Kongo ulio mpakani, yeye alivuka mpaka na umati kuingia Kisoro upande wa Uganda, wakapokelewa kwenye kituo cha wakimbizi cha Nyakabande. Mbwa wake alikuwa anamfuata. Akaona atakanyagwa au atapotea katika umati ule, akaokota mawe akamrushia mpaka akageuka. Alisimulia hayo kwa sababu Afande alikuwa amemuuliza kwa nini hainui mkono kuwapa ishara wale German Shepherd. Hapo hakuna aliyeuliza kabla ya hapo. Afande aliuliza yule mbwa aliitwa nani, kijana akataja, kisha wakakubaliana ishara yake iwe ya mkono ulio chini, kiganja wazi kando ya paja. Wale mbwa wanaifuata vizuri tu.

Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna mradi unaofanya jambo hili kwa upana zaidi, wa mbwa wafariji, ulioanza chini ya shirika la The Big Fix Uganda: walionusurika vita vya Kony na waasi wake wa LRA wanapewa mbwa na kufunzwa pamoja nao. Mwanzilishi wake, Francis Okello Oloya, alipoteza macho akiwa na miaka 12, alipogonga bomu lililofukiwa shambani. Darasa letu halijidai hivyo, na mtu mwenye mzigo mzito atafute msaada wa kweli. Lakini nimeona kwamba mtu akishika kamba ya mbwa maneno humtoka kirahisi zaidi.

Nusu ya pili, ile ya mazoezi, nitaipitia haraka kwa sababu haina ajabu: kaa, lala, subiri, njoo, na kutembea bila kuvutana. Zawadi itolewe papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili, la sivyo mbwa hajui analipwa kwa lipi. Dakika chache kisha mapumziko. Fimbo haiingii kiwanjani. Wenye watoto wa mbwa Afande huwasisitizia wasiwafungie ndani: ule umri wa kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14 ndio wa kuzoeshwa watu, watoto, pikipiki, mwavuli. Na anaisema vibaya sana desturi yetu ya mjini ya kumfungia mbwa kibandani mchana kutwa na kumfungulia usiku, kisha tunashangaa anamng'ata kila anayemwona bila waya katikati.

Kasoro sasa. Mzee wa Boerboel anauza watoto wa mbwa, na kila Jumamosi hadithi yake inaishia kwenye bei ya mtoto mmoja. Afande anamwonea aibu kwa sababu ya umri. Amkatize tu. Choo ni cha shimo na ufunguo wake mara nyingi uko na mtu asiyepatikana. Mvua ikinyesha hakuna pa kujikinga isipokuwa veranda ya madarasa, ambapo mbwa wakubwa wanasogeleana mno. Mwenye mbwa mdogo arudi nyumbani tu siku hiyo.

Kubwa zaidi lilinitia wasiwasi kama mtoto wa polisi. Watu wanasimulia mno. Siku moja dada mmoja alieleza mbele ya wageni kwamba mbwa wake ukimpa ini anakufuata popote, kwamba hulala fofofo kuanzia saa nane usiku, na kwamba mume yuko Dubai. Akataja mpaka duka lililo mkabala na geti lake. Kampala hii! Nilimvuta Afande pembeni, naye akashika kichwa. Tangu hapo sheria ya tatu imeongezwa: hutaji mtaa, hutaji geti, hutaji nani yupo na nani hayupo nyumbani. Inakiukwa bado, hasa chai ikishamiminwa, lakini sasa walau yuko mtu wa kukohoa.

Nampa Afande nyota nne. Ya tano nitampa akileta turubai.

Mkienda, bebeni kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ya mwaka huu. Getini inasomwa kweli. Nimeona mtu mwenye gari kubwa akirudishwa, na nilifurahi, maana mbwa akikugusa kwa jino katika mikusanyiko hiyo ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na moja kwa moja hospitali kuulizia sindano, si mzaha. Kamba iwe ya kawaida, si ile inayorefuka yenyewe. Mwenye kulisha mbwa nyumbani, awe askari au dada au mtoto, ndiye aje, hata kama mlipaji ni wewe. Ini lichemsheni Ijumaa usiku, likatwe vipande vya ukubwa wa kucha. Vikiwa vikubwa mbwa anasimama kutafuna, na Afande anakutazama.